Gari Jepesi la Geoffrey Musau Kimanzi

Tunamshukuru Mungu aliyetupa Geoffrey Musau Kimanzi, ingawa wengi wetu hatukumwelewa. Alizaliwa tarehe 4 Juni 1972 huko Mutomo, Kitui, mtoto wa tatu wa Mzee Kimanzi na Mama Kasyoka. Alimaliza darasa la nane mwaka wa 1987, akaenda chuo cha ufundi na kujifunza kuchomelea vyuma.

Alifika Nairobi mwaka wa 1993. Alipanga chumba Kabiro, Kawangware, akafungua karakana mtaani Makina kwenye kiwanja cha rafiki yake Khalid. Mageti ndiyo yaliyomlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gari la michezo la watu wawili: fremu ya mabomba membamba, injini ya pikipiki nyuma ya viti. Kila kipande alikipeleka mtaa wa Silanga kwenye mzani wa muuza makaa. Kikizidi uzito, kinarudi kukatwa. "Gari zito ni uvivu wa fundi," alisema. Na watu nao, jameni! Hakuna aliyepita bila ushauri: weka keria ya mizigo juu, weka kiti cha nyuma, sasa mama mkwe atakaa wapi? Musau alichoka nao hadi akawa anafanya kazi geti likiwa limefungwa.

Alimwoa Ndanu tarehe 12 Desemba 1998. Mwaka wa 2016 alimpandisha kwenye mzani uleule, maana kiti cha pili kilikuwa chake. "Kwani mimi ni gunia?" Ndanu akanuna siku tatu. Alikunjua uso tu alipoahidiwa kwamba safari ya kwanza ya gari itakuwa yao wawili, mpaka Mutomo.

Gari likaisha, ikabaki namba ya usajili. Miaka sita! Mara fomu haina nafasi ya gari lisilo na kampuni, mara gari ni jepesi mno, ongeza vyuma. Akaongeza huku, akapunguza kule, akarudi, akakuta afisa mpya anayeanza upya. Hili linatuuma, na hatutalificha mbele ya jeneza.

Kifua kilianza kumsumbua Agosti 2024. Kila alipoambiwa aende hospitali alijibu, "Wacha kwanza nipate namba." Alifariki nyumbani Kabiro, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, fomu ya saba ikiwa mezani.

Amewaacha mjane wake Ndanu, binti zao Magdaline na Annet, dada yake Ngina na mjukuu mmoja. Gari limefika Mutomo leo juu ya lori, nyuma ya jeneza, kwa sababu haliruhusiwi kugusa barabara. Vijana sita wamelishusha kwa mikono. Ndanu ameketi kwenye kiti chake, na amekataa kushuka.

Mungu amlaze Musau mahali pema.