Emilian Nestory na Bi Mkubwa wa Udongo

Ndugu waombolezaji, marehemu Emilian Nestory alizaliwa Tura tarehe 14 Machi 1949, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na tarehe 3 Juni 1968 akaajiriwa katika shamba la miembe la mzee Salmini, nje kidogo ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, akakabidhiwa panga, jembe na nyumba ya mfanyakazi.

Nyumba ndiyo hii mnayoiona, tembe la kuta nene za dhiraa nzima, nguzo za mninga, ukumbi mwembamba wenye kona, na paa bapa la udongo linalotaka kukandikwa kila mwaka kabla ya mvua, nalo marehemu alilikandika kwa upole ambao mkewe Apolinaria, aliyefunga naye ndoa tarehe 19 Oktoba 1974, anasema yeye hakuuonja. Kwa kuwa Apolinaria aliikuta, aliiita Bi Mkubwa, na jirani akiuliza mzee yuko wapi, hujibu, "Yuko juu kwa mke mwenzangu, anampaka mafuta." Walijaliwa Levina na mapacha Kulwa na Doto, ambao wote waliahidi kununua bati.

Mwaka 2011 alikuja afisa wa mambo ya kale, akapima siku mbili, kisha ikaja barua yenye nakala kwa ofisi saba, ikikataza kugusa hata kizingiti. Apolinaria akasema, "Mimi nina cheti cha ndoa tu, mwenzangu kapewa serikali nzima."

Marehemu aliugua figo tangu Agosti 2024, akafariki tarehe 6 Juni 2025, akiwa ameusia alazwe ndani ya nyumba yake kabla ya kuzikwa. Seremala alimpima marehemu, hakuipima nyumba, jeneza likagoma kwenye kona ya ukumbi, familia ikaomba kibali cha kuibomoa kona hiyo, na, ajabu ya mwaka, kikaja siku ileile. Doto alipoinua sururu, mama yake, aliyeiombea nyumba hii tingatinga kwa miaka hamsini, akasimama mbele ya kona. "Weka chini, baba. Alale kwa mkeka, atoke kwa mkeka. Huyu mkubwa wangu, nikimsema ni mimi, si nyinyi."

Ndivyo alivyolala, ndivyo alivyotoka, na jeneza limemngoja uani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake wa shambani, na afisa wa mambo ya kale, ambaye kibali chake tunamrudishia hakijatumika. Asubuhi hii Apolinaria ameuliza ni nani atakayemletea udongo wa kichuguu kabla ya mvua za Novemba.

Pumzika kwa amani, Emilian, wake zako wote wawili umewaacha nyumba moja.