Mhandisi Lusia Ngusa na Wale Watatu Waliokosa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uhandisi wa migodi chuoni kwetu hapa Kahama, Mhandisi Lusia Ngusa, Mama Eliya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza akiwa mwanamke pekee katika idara, na hajawahi kuchelewa kipindi. Sisi wengine tunajijua.

Wanafunzi wetu wana adabu. Ukiwauliza kama wameelewa, wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Kumwambia mtu mzima kwamba hujamwelewa ni kumvunjia heshima. Mama Eliya aliishi na "ndiyo" hiyo mpaka mwaka 2019, alipoleta vifaa vidogo vya kubonyeza majibu, ambavyo wanafunzi waliviita rimoti. Kila mmoja anajibu bila jina lake kuonekana, na idadi ya majibu inatokea ukutani.

Siku ya kwanza darasa zima lilibonyeza B, nayo haikuwa sahihi. Kumbe kiongozi wa darasa alikuwa amewaonyesha wenzake rimoti yake. Tangu hapo zikawa zinabonyezwa chini ya meza.

Swali lililofuata halikutuchekesha. Moshi ukizuka mgodini, hewa safi iko upande gani? Kati ya wanafunzi arobaini na wanane, kumi na mmoja tu walijua, ilhali darasa zima lilikuwa limefaulu mtihani. Wakati huo wakaguzi walikuwa njiani kuja kuamua kama kozi yetu iendelee. Mimi mwenyewe nilimsihi awaonyeshe wakaguzi alama za mtihani tu. Akanijibu kwamba hao ndio watakaoongoza watoto wa watu shimoni, akawapa wakaguzi idadi ile ya kumi na mmoja. Tulipewa mwaka mmoja wa kujirekebisha, na nakiri nilimkasirikia. Aliipanga kozi upya, akawapeleka wanafunzi kwenye shimo la mazoezi wakafuate moshi kwa macho yao. Mwaka uliofuata walipata arobaini na wawili, na kozi ikaendelea.

Wiki iliyopita, katika kipindi chake cha mwisho, aliuliza swali lilelile. Hamsini wakapata, watatu wakakosa. Pilau ya kumuaga ilikuwa tayari na Mkuu wa Chuo ameshavaa suti. Kwa kuwa hakuweza kujua watatu hao ni nani, Mama Eliya alifuta ubao akaanza upya kwa wote. Tulisubiri dakika arobaini. Alipouliza tena, walipata wote hamsini na watatu, ndipo akaja kula pilau iliyopoa.

Wabeja sana, Mama Eliya, asante kwa yote. Tunakuombea afya na utulivu nyumbani Maganzo. Vijana wako wanashuka mgodini kila siku, na wanajua hewa iko upande gani.

Marselino Athanas, kwa niaba ya idara