Baki la Hatua Kumi na Mbili

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi saa. Upande wa kushoto umebonyea kidogo, maana ndiko anakokaa Sindano, fundi cherehani, mtu mwenye mwili wake. Fundi saa tunamwita Dakika, kwa kuwa hajawahi kufika popote kwa wakati. Mimi nilifundisha watoto wadogo kusoma na kuimba mpaka nikastaafu, nao huniita Mwalimu. Wa nne ni Fundi. Hana jina jingine hapa kijiweni, na kazi yake ni kulinganisha sauti za piano. Tangu mwaka jana tumekuwa tukimwachia ncha ya kulia ya benchi, ili sikio lake la kushoto, lililo zima, lituelekee. Hakuna aliyelipendekeza jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulitaja. Asubuhi hiyo ya Ijumaa kahawa ilikuwa tele birikani, lakini vikombe vilikuwa vinapoa. Piano ya ukumbi wa mikutano, aliyoilinganisha Fundi siku ya Jumanne, ilikuwa inalia vibaya. Wasimamizi wa ukumbi walitaka kujua kabla ya adhuhuri: ataitengeneza, au wamwite mtu mwingine? Fundi ameitunza piano ile miaka thelathini na mmoja. Tulijua kwamba wakimwita mwingine mara moja, Fundi hawamwiti tena. Ndiyo maana tulikuwa tunazungumza sana.

— Siyo kosa, alisema Fundi. Ni baki.

— Baki gani tena? akauliza Sindano.

— Nimekueleza mara ngapi, wewe? Mwalimu, imba do.

Nikaimba do.

— Sindano, imba so.

Sindano akajikohoza, akatoa sauti. Paka aliyekuwa amelala kizingitini akainuka, akaenda zake.

— Hiyo si so, lakini tusameheane, akasema Fundi. Sasa sikilizeni. Kutoka do kwenda so ni hatua safi. Sauti hizo mbili zikikaa vizuri, zinatulia kama maji ndani ya beseni. Sasa ile so ifanye do, upande hatua nyingine safi. Halafu nyingine. Ukipanda mara kumi na mbili, unatakiwa uwe umerudi kwenye sauti ileile uliyoanzia.

— Si ndiyo vizuri? akauliza Sindano.

— Hufiki palepale, bwana! Unapitiliza. Kidogo tu, unene wa ukucha. Hicho kidogo ndicho baki. Hukukileta wewe, wala huwezi kukiondoa. Ndivyo sauti zilivyo.

Dakika, aliyekuwa ameinamia saa ya mteja na kioo chake jichoni, akaitikia bila kuinua kichwa:

— Ndivyo zilivyo! Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali imekujaje hapa? nikamwuliza.

— Imekuja tu, Mwalimu. Iache ipumzike.

Sindano akashusha kikombe. Alikuwa amepata yake.

— Mimi hilo nalijua kazini. Mama mmoja aliniletea vipande kumi na viwili vya kitambaa, nimshonee kitambaa cha meza ya duara. Kila kipande nimekikata sawasawa, nimepima mara mbili. Kufika cha mwisho, kinapanda juu ya cha kwanza, upana wa kidole. Nikifanya mkunjo, mkunjo unaonekana. Kikombe kikiwekwa pale, kinaegama.

— Ukafanyaje? aliuliza Fundi. Niliona amemgeukia mwili mzima, kwa hilo sikio lake.

— Nikafumua vyote. Kila kipande nikakiibia nyuzi mbili tatu. Mama yule mpaka leo hajui.

— Umeona sasa? Fundi akanitazama mimi, uso umefunguka. Ndiyo kazi yenyewe! Kila hatua unaipunja kidogo ili isiwepo moja ya kupunjwa sana. Ile hatua safi unailegeza, unailegeza, mpaka zile sauti mbili zianze kutikisika polepole, kama mtu anapumua usingizini. Unahesabu pumzi. Ukiridhika, unakwenda ya pili. Usipolegeza, hatua kumi na moja zitakuwa safi kama malaika, na ile ya kumi na mbili italibeba baki lote peke yake. Italia, ndugu zangu. Mafundi wa zamani walisema hapo ndipo mbwa mwitu anapobweka.

Akanywa kahawa yake. Alikuwa ametueleza vizuri kuliko tulivyotaka.

Dakika akaiokoa hali kwa haraka.

— Mwaka nao una baki! Siku mia tatu sitini na tano, halafu robo. Ile robo tunaificha, ikifika ya nne tunaipa Februari siku moja. Sasa piano nayo ingefanyiwa hivyohivyo. Kila mwaka wa nne iongezwe kibonyezo kimoja.

— Acha hizo! nikasema. Baada ya miaka mia si itatokea dirishani?

— Itoboe ukuta. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mimi nasema ni ukumbi, akasema Sindano. Ule ukumbi umejengwa mtelemkoni. Mpira ukiuweka sakafuni unakwenda wenyewe mpaka mlango wa nyuma. Na sauti je? Sauti nyepesi kuliko mpira! Zote zimetelemka, zimelundikana upande mmoja.

— Piano imeelekea ukutani, akasema Fundi.

— Basi zimegonga ukuta zikarudi na hasira.

— Au ni watu, akasema Dakika. Vijana wa siku hizi wanaongea juujuu. Hewa yenyewe imepanda sauti. Piano iko mahali pake, ila sisi ndio tumehama.

Nilicheka, nikajisikia vibaya kwa kucheka. Watoto darasani walikuwa wakifanya hivi. Mmoja akivunja kitu, wengine huanza kunisimulia habari za upepo, mbuzi na jini, nami nilikuwa nikiwaacha wamalize, kwa sababu mle ndani mlikuwa na mapenzi. Lakini adhuhuri ilikuwa inakuja.

— Nitakwenda leo kuikagua, alisema Fundi. Ingawa najua nitakachokuta. Ni baki tu. Limejitokeza.

— Limejitokeza! tukaitikia wote watatu, mimi nikiwemo.

Hapo ndipo tukamwona mama anayefagia ukumbi, amesimama mbele yetu na aproni yake, mikono imekunjamana kwa maji. Hajawahi kufika benchini kwetu. Alisalimia kila mmoja, akamwacha Fundi wa mwisho.

— Shikamoo, Fundi.

— Marahaba, mama. Wamekutuma?

— Wamenituma. Wanasema jua linapanda, wapewe jibu.

— Kaa kwanza unywe kahawa, Sindano alimwambia, akijisogeza kwa shida. Fundi anatueleza. Kumbe si kosa la mtu! Sauti zina baki lake, tangu dunia iumbwe.

Mama hakukaa. Alisikiliza habari yote. Sindano akamweleza kitambaa cha meza, Dakika akamweleza Februari. Aliitikia kwa heshima mpaka mwisho, kisha akageuka kwa Fundi.

— Nimeelewa, Fundi. Ila naomba kuuliza, mimi si msomi wa mambo hayo. Ukumbi ule naufagia mwaka wa kumi na tisa. Wewe ukifanya kazi yako, mimi nafuta madirisha. Kama hilo baki lipo siku zote, mbona mimi sikuwahi kulisikia mpaka Jumanne?

Dakika alitoa kioo jichoni. Sindano akatazama ndani ya kikombe chake. Kuna bodaboda ilipita, na sote tulionekana kuishukuru, lakini ikapita.

Fundi alikuwa ameshika ufunguo wake wa kukazia nyuzi, ule wenye mpini wa mti uliolainika. Akauzungusha kidogo sana hewani, kama anavyofanya juu ya msumari unaoshika uzi wa piano, akasimama. Akazungusha tena. Nikaona anachokitafuta: ule mwendo wa kulegeza. Mkono ulikuwa unaukumbuka, lakini ulikuwa haufiki. Hatua zile alikuwa ameziacha safi, zote kumi na moja, ya kumi na mbili ikabeba baki lote, maana pumzi zile za polepole hakuwa akizisikia tena. Alikuwa akizihesabu kichwani.

— Mwalimu, aliniita. Wewe ulipita ukumbini wiki hii?

— Nilipita.

— Ulisikia?

Miaka yangu yote nimewaambia watoto: ukiulizwa, jibu unachokijua, kisha kaa chini.

— Nilisikia, Fundi.

— Siku gani?

— Jumatano.

— Leo Ijumaa, akasema.

Hakusema kwa ukali. Heri angesema kwa ukali.

Sindano akataka kuleta maneno, akasema usipoziba ufa, akaona methali inakoelekea, akaiacha njiani.

Fundi akamgeukia mama.

— Wamwite mtu mwingine.

— Fundi…

— Wamwite, mama. Na wewe mweleze akifika. Upande wa juu, mkono wa kulia, kuna msumari mmoja unateleza. Ukiukaza leo, kesho umeshuka. Asiupige nyundo. Autoe, aufunge kikaratasi chembamba, aurudishe. Asipoambiwa atahangaika nao siku nzima, atadhani ni yeye.

— Upande wa juu, mkono wa kulia, mama alirudia. Asipige nyundo. Kikaratasi chembamba.

— Ndiyo huohuo. Wa tatu kutoka mwisho.

— Wa tatu kutoka mwisho, alisema mama, akaondoka, na kwa mbali midomo yake ilikuwa bado inakwenda, asije akasahau.