Wageni Saba wa Bi Ok-bun

Kibaraza cha mbao mbele ya duka la Bi Ok-bun ndiyo ofisi yetu wastaafu. Kahawa ya pakiti tunaikoroga kwa pakiti lenyewe, na intaneti ni yake, ya bure. Mwaka huu bintiye Seon-mi alimfungulia tovuti ya kuuza doenjang, kile kiungo cha soya anachokichachusha kwenye mitungi uani. Ikawa inafunguliwa mara sitini kwa siku! Mama wa watu akaapa kujaza mitungi kumi na miwili. Jana Seon-mi akaziondoa kwenye hesabu simu zote zinazotumia intaneti ya duka. Zikabaki mara saba tu, za simu saba za nje. Leo Bi Ok-bun kasimama mlangoni na gunia la soya limefungwa vilevile. Anasema hapiki tena doenjang, anaacha.

— Wameiba watu hamsini na tatu! akafoka Redio, asiyezimika tangu alfajiri.

— Hakuna wizi, nikamwambia. Ni sisi hao. Mimi peke yangu naifungua mara kumi na moja.

— Mimi ishirini, akasema Profesa, mwalimu wa hesabu wa zamani. Nikifika tu, kabla sijakaa. Nilidhani namsaidia shemeji.

— Kwa hiyo nimefutwa? Mimi siyo mtu?

— Wewe ni mtu, Redio, nikamjibu, ila siyo mteja.

— Basi hao saba ni majasusi wa kiwanda. Wanatafuta siri ya chumvi yake!

— Ni mtu mmoja mwenye simu saba, Profesa akamkatiza.

— Mtu mwenye simu saba? Hiyo ni serikali!

— Au marehemu kaka, mumewe, nikasema. Anakagua mitungi yake.

— Huyo? Bi Ok-bun akacheka bila kutaka. Hata runinga ilimshinda kuwasha.

Dada wa posta, mgeni wiki hii, alikuwa anamalizia kahawa yake.

— Samahanini. Kuna anayewajua hao saba?

Redio akaanza kuitafuta tovuti kwenye simu yake.

— Hakuna, akasema Bi Ok-bun taratibu. Ninyi shemeji zangu mnaifungua kwa kuwa mnanipenda. Asanteni, jamani, asanteni sana. Lakini hawa hawanijui. Hakuna aliyewaomba, na bado wamekuja.

Akafuta macho kwa aproni, akalivuta gunia.

— Redio, weka simu chini. Lete maji, niloweke soya.