Bi Mwanafatuma, Mwosha Maiti Tuliyemcheka

Wasikilizaji wapendwa, mlioko bara ya Kwale na mlioko Msambweni pwani, poleni na shughuli za mchana. Leo tunamkumbuka Mwanafatuma binti Sefu, mwosha maiti wa Msambweni. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mwosha maiti. Kwa miaka ishirini hakuna mwanamke aliyezikwa mtaani kwake bila ya kupita mikononi mwake.

Lakini wengi wenu mnamjua kwa ile filamu.

Mwaka 1966, Kahindi wa Bongwe, mpishi katika hoteli moja ya Diani, alipewa kamera kuukuu na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Akatengeneza filamu ya dakika kumi na mbili. Haikuwa na sauti. Sanda ilikuwa shuka ya hoteli. Karafuu maiti ilikuwa unga wa muhogo. Maiti alikuwa mkewe, Sidi. Kisa ni cha bibi mkorofi aliyekufa. Kila waombolezaji wanapomsifu kwa uongo, anainuka. Mwosha anamkandamiza alale. Anainuka tena.

Kahindi alitaka mwosha wa kweli. Akaenda kwa Bi Mwanafatuma.

"Shikamoo, mama. Nina ombi, na naona haya kulisema."

"Marahaba. Sema."

Akasema. Bi Mwanafatuma akamjibu: "Wanangu watatu nimewaosha mimi mwenyewe. Mauti yamenicheka mara tatu. Nami nikiyacheka mara moja, nitakuwa nimemkosea nani?"

Filamu ilionyeshwa mchana, ndani ya ghala la mbata pale Bongwe, madirisha yamezibwa kwa magunia. Joto, na harufu ya nazi kavu. Kahindi alisimama kando ya shuka iliyotundikwa ya kuonyeshea picha, akisema maneno ya kila mtu. Onyesho la tatu hakuhitajiwa. Ghala zima lilikuwa limeyahifadhi, hasa ya mwosha: "Lala, bibi! Umekufa!" Watu walitoka Galu, walitoka hata Kibuyuni. Picha ilikuwa na mikwaruzo, na Sidi anaonekana wazi akijizuia asicheke. Hakuna aliyejali. Waliotoka kuzika juzi ndio waliocheka zaidi. Mimi niliiona mara nne. Mwezi ule nilikuwa nimemzika baba yangu.

Kisha akafariki mke wa Mzee Mwero. Bi Mwanafatuma alichukua mfuko wake akaenda, kama kawaida. Binti wa marehemu alimzuia mlangoni.

"Mama, tafadhali usiingie."

"Nimekosa nini, mwanangu?"

"Hujakosa. Lakini ukimshika mama yetu, tutacheka. Wallahi tutacheka, na huyu ni mama yetu."

Akarudi nyumbani. Hakuna aliyemgombeza. Hakuna aliyemlaani. Waliacha tu kumwita. Alimwomba Kahindi aifiche ile filamu, na Kahindi akaificha mwaka mzima. Watu wakamfuata hadi jikoni hotelini, wakamsihi, akaitoa. Ghala likajaa tena.

Miaka saba, wasikilizaji wapendwa. Miaka saba Bi Mwanafatuma hakuitwa kuosha maiti hata mmoja. Alishona makuti.

Binti wa kaka yake, Asiya, ndiye aliyerithi kazi. Anasema: "Shangazi alinifundishia juu ya gogo la mgomba. Maiti hatukuwa nao. Alikuwa akiligeuza polepole, akilisemesha kwa adabu, kama mtu."

Jumatano Asiya alimwosha shangazi yake peke yake. Majirani walisimama nje. "Palikuwa kimya," aliniambia. "Mara mtu mmoja akacheka. Alikimbia kwa aibu, lakini alikuwa ameshacheka. Nikaendelea kumimina maji."

Nilimtafuta Kahindi. Ukanda wa filamu umeota ukungu, haupiti tena kwenye mashine. "Ningeuchoma mwaka ule aliponiomba," alisema, "lakini watu walikuwa wanauhitaji." Mmoja wa watu hao ni mimi.

Kwa Asiya na jamaa wote wa Sefu, Mwenyezi Mungu awape subira na amrehemu marehemu. Nasi tuliokaa ndani ya ghala lile tukapata nafuu ya misiba yetu, tufikiri ni nani aliyeilipia nafuu hiyo.

Asiya anaishi nyumba ile ile, na kazi anaijua. Jana kulikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwake. Wenyewe walimleta mwosha kutoka mbali, Lungalunga.