Makabati Mawili Yaliyongojeana

Sogeeni, wajukuu, sogeeni mkekani. Aliye na korosho mdomoni amalize kutafuna kwanza. Sauti ya meno hufukuza maneno. Haya, kimya. Kilikuwapo kijiwe Rasbura, pale Lindi mjini, kando ya barabara ya malori ya Kilwa, miaka ile ya Azimio, watu walipoitana ndugu hata wakigombana. Kijiwe chenyewe kilikuwa gogo la mnazi juu ya mawe mawili, na dele la kahawa la Yunusu. Kila alasiri waliketi watatu. Likwata walimwita Redio, maana alitangaza habari kabla hazijatokea. Abilahi alikuwa Hewala, maana alimkubalia kila mtu, kisha akaongeza lake. Wa tatu Tawakali, mwangalizi wa boila katika kiwanda kipya cha korosho. Huyo hakupewa jina la utani. Tangu mkewe aende zake, wenzake walimwonea haya.

Mwahija alikuwa amerudi kwao Kiranjeranje. Hakufukuzwa, hakuachwa. Walibishana juu ya kuhamia mjini moja kwa moja. Yeye alisema hawezi kuiacha mikorosho ya mama yake imezwe na majani. Mlangoni akageuka: "Ukinitaka, wajua niliko." Tawakali akajibu: "Na wewe ukitaka kurudi, mlango wauona." Basi. Kila mmoja akakaa upande wake, anangoja. Tawakali alikuwa amejiapia kwamba siku king'ora cha kiwanda kitakapolia kwa mara ya kwanza, siku hiyo hiyo atapanda lori kumfuata. Aendeje ukweni, boila lake halijafanya kazi? Kwa hiyo aliketi kijiweni, sikio moja kwa wenzake, la pili kwa king'ora.

Na king'ora hakikulia.

— Leo vipi, ndugu Tawakali? akauliza Redio. Mmekaanga japo korosho moja?

— Boila lachemka vizuri. Karai la kukaangia nalo zima. Fundi Benedikto, yule wa kutoka Dar, ameunga nyaya zote. Kilichobaki ni mazungumzo.

— Mazungumzo ya nani na nani?

— Ya makabati. Boila lina kabati lake la taa na swichi, karai lina lake, katikati umepita waya. Moja liseme "niko tayari", la pili liitikie, ndipo mvuke utoke na king'ora kilie. Sasa hayasemezani.

— Yamenuniana, akasema Yunusu, akimimina.

— Hewala, yamenuniana, akadakia Abilahi.

— Hebu nipisheni! akasema Redio. Boila limetoka wapi?

— Ng'ambo.

— Na karai?

— Ng'ambo nyingine.

— Mwaona? Lugha hiyo! Ukimsemesha Mmwera kwa Kihindi, atakujibu?

— Taa haina lugha, Redio. Ikiwaka imewaka.

— Ndivyo walivyokudanganya. Huenda kwao taa ikiwaka maana yake mvua inakuja, kila mtu aanue mtama wake.

— Hewala, lugha ipo, akasema Abilahi. Lakini mmekosa adabu pia. Kabati la watu limesafiri na meli, limefika limechoka, mnalifunga waya kiunoni, mnaliambia haya, ongea na mgeni mwenzio. Bila mshenga?

— Mshenga wa makabati?

— Ubani kidogo tu, na sahani ya halua.

— Halua ataila nani?

— Nitaila mimi kwa niaba yao.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Tawakali hakucheka. Lori la Kilwa lilikuwa linapita, limejaa magunia na watu juu ya magunia, naye alilifuata kwa macho mpaka likabaki vumbi, na vumbi nalo likatua.

— Lile linapita Kiranjeranje, akasema Redio kwa sauti ya chini.

— Najua linakopita.

— Nimesema tu, kaka.

Redio akapaza sauti kuliko mwanzo:

— Kosa ni la uandikishaji! Kila nyumba kumi zina balozi. Makabati yale balozi wao nani? Yanaishi moja moja, kila moja na ukuta wake. Yahamishiwe kijiji cha ujamaa, yakae pamoja, mtaona kama hayatasemezana.

— Hewala! Yapewe na shamba la pamoja.

— Abilahi, kabati litashika jembe?

— Litasimamia. Si wasimamizi ndio wengi?

Yunusu akaweka dele chini.

— Ndugu Tawakali, acha hawa. Benedikto asemaje?

Tawakali akazungusha kikombe viganjani.

— Asubuhi ameyafungua yote mawili, akanionyesha. Mazima. Ila kila moja limepangwa likae kimya mpaka mwenzake aseme kwanza. Boila langoja karai, karai langoja boila. Hakuna lililokosea.

— Si abadilishe moja?

— Waliofunga boila wanataka libadilishwe karai. Waliofunga karai wanataka libadilishwe boila. Wanapigiana simu tangu mikorosho ilipotoa maua.

— Na wewe waonaje?

— Boila ndilo moyo wa kiwanda. Haliwezi kuanza kujipendekeza.

Hapo akatokea mwanamke mwenye kifurushi kichwani, miguu imejaa vumbi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu gogo.

— Asanteni. Naitwa Martina, natoka Mtama. Nimeambiwa kazi ya kubangua itaanza king'ora kikilia. Wanangu nimewaacha kwa dada, usiku nasikia wanavyolia na hali wako mbali. Sasa nauliza, hakilii kwa nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja: lugha, halua, balozi. Mwisho Tawakali akamweleza kweli yenyewe. Martina alisikiliza bila kutua kifurushi.

— Kwa hiyo kila moja lamngoja mwenzake, na yote yana haki?

— Ndivyo.

— Na moja likianza, lolote lile, kutaharibika nini?

Hewala hakusema hewala. Yunusu aliinamisha dele, zikatoka machicha.

Tawakali akasimama, akakung'uta kanzu.

— Yunusu, lori jingine la Kilwa lipo leo?

— Lipo moja, linapakia sokoni. Lakini king'ora hakijalia, ndugu yangu.

— Kitalia kikipenda. Mwambieni Benedikto aligeuze la kwangu. Boila lianze.

Benedikto akaligeuza. King'ora kililia, Rasbura nzima ikatoka nje kusikiliza. Tawakali hakukisikia. Wakati huo alikuwa Kiranjeranje, amesimama uani kwa wakwe, anapiga hodi. Na ndani mwiko ulikuwa umesimama chunguni, Mwahija akaitambua sauti ile ya hodi, akasema karibu.

Tawakali hakurudi mjini. Chumba chake cha kiwandani alipewa Martina, akawaleta wanawe. Gogo lilirithiwa na watoto wa Redio, nao hawaafikiani mpaka leo. Dele la Yunusu analo bintiye, Samia. Abilahi aliacha kicheko, kila mtu akachukua kidogo. Na mikorosho ya Kiranjeranje imemfikia Kazija, binti wa Tawakali na Mwahija, pamoja na kitu kimoja cha baba yake: jioni ikitulia husimama kati ya miti, akageuza sikio kusini, ingawa king'ora hakifiki kule, na kiwanda chenyewe kimenyamaza siku nyingi.