Mama Panya na Majani ya Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Mama Panya, aliyetutoka Alhamisi. Msicheke. Ndivyo alivyoitwa, na jina alilipenda mwenyewe. Miaka thelathini na moja alitunza panya weupe kwenye maabara ya dawa. Thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyemng'ata! Mimi nina paka nyumbani, kila siku ananirarua. Haya, tuyaache hayo.

Shule hakufika mbali, kama mimi babu yenu. Lakini mkono wake, wasikilizaji, ulikuwa na akili.

Sasa sikilizeni. Mdogo wake wa kiume alikuwa mtoto wa kushtuka. Mlango ukibamizwa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mama yao akimchemshia majani fulani, anatulia. Mama alipofariki, watu wakasema: ah, yale majani tu, mtoto alitulia kwa kubembelezwa. Neno hilo likamkaa Mama Panya rohoni. Akamganda daktari wa maabara miaka miwili: "Daktari, yajaribu tu." Mwisho daktari akachoka kukataa.

Majani yakakamuliwa. Panya kumi na wawili wakapewa maji ya majani, kumi na wawili maji matupu. Kisha mmoja mmoja anawekwa kwenye boksi kubwa la wazi. Panya mwenye wasiwasi hujibanza pembeni. Aliyetulia hutembea katikati kama mwenye nyumba. Wa majani wakatembea katikati! Maabara nzima makofi. Daktari akaanza kuandika ripoti.

Mama Panya hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama mikono yake. Wale wa majani aliwabeba kiganjani, akiwapapasa mgongo njiani. Wale wa maji matupu aliwanyanyua kwa mkia, moja kwa moja mpaka boksini. Hakukusudia. Ilikuwa dawa ya mama yake, mkono ukajiendea wenyewe.

Asubuhi akaingia ofisini. "Daktari, hiyo ripoti ichane."

"Mama, una homa?"

"Sina. Nimewabembeleza. Walisema mama yangu alibembeleza tu, na mimi nimefanya yale yale."

Daktari akaweka kalamu chini. "Tukirudia, huenda majani yakaonekana si kitu. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Basi itakuwa mama alikuwa akichemsha maji matupu. Lakini nitakuwa nimejua."

Nyumbani mdogo wake akawaka. "Dada, si ungenyamaza! Nani angejua?"

"Panya wangejua," akamjibu.

Wakarudia. Chupa ziliandikwa herufi tu, na orodha ya herufi ipi ni ya majani mfamasia akaifungia kabatini. Kila panya akabebwa ndani ya kikopo cha plastiki, bila kuguswa na mkono. Mama Panya hakujua nani kapewa nini. Wiki tatu akasubiri. Siku ya kufungua orodha alisimama mlangoni, kaukumbatia ufagio kama mtoto.

Wa majani walikuwa wametulia. Si kama mara ya kwanza. Nusu yake hivi. Lakini wametulia, na safari hii si kwa mkono wa mtu.

Daktari akamgeukia. "Mama, mama yako hakuchemsha maji matupu."

Akakaa juu ya gunia la chakula cha panya, akalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Kikopo kile kinatumika mpaka leo. Vijana wa maabara wanakiita kikopo cha Mama Panya. Na mdogo wake, sasa mzee mwenye mvi, aliniambia juzi: "Miaka yote nilidhani nilikuwa nadanganywa na kikombe cha majani ya mama. Dada ndiye aliyenihakikishia sikudanganywa."

Kwa mumewe, watoto wake, mdogo wake na wenzake wa maabara: poleni sana, tuko nanyi. Na ninyi, wapendwa, msikimbilie kuchemsha majani. Hao ni panya, bado hatujafika kwa watu. Ila leo mtafute kitu kimoja mnachokipenda na kukiamini sana. Kisha kila mtu ajiulize: mkono wangu nao, unakibebaje?

Lala salama, Mama Panya.